SEVA YA KAFE KUPOTEZA SAA MARA INAKAA SAWA MARA INARUKA: Chanzo, dalili na tiba (kutoka Masoko, Tukuyu)

Leo siasa naziweka kando, naomba tuongelee kitu ambacho kila anayekaa kwenye kafe kimemkuta hata kama hakukijua jina: SAA YA SEVA. Unanunua vocha ya lisaa limoja, unakaa, unaandika jina lako na la baba, mara skrini inafunga, "muda wako umekwisha". Unamuangalia mhudumu kama mwizi, na yeye anakuangalia kama msumbufu. Kumbe wote wawili mmeibiwa na saa.

Makala hii nimeiandika ikae kama ya kumbukumbu. Mwenye kafe, mhudumu, fundi wa mtaani na hata mteja aisome, aiprinti, aibandike ukutani. Mimi sina digrii, nimeishia sekondari, lakini jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki mbili nzima na karibu linitoe kibaruani. Kisa chenyewe nakiweka kwanza ili ujue kwa nini naongea kwa uchungu.

KISA CHENYEWE

Kafe ilikuwa Tukuyu mjini (jina naliacha, wenye nayo hawajanituma). Kompyuta kumi, seva moja ya Windows iliyoshikilia programu ya kuhesabu muda wa wateja. Asubuhi anafungua mzee mmoja, mimi naingia baadaye kidogo.

Siku hiyo akaja dada kutoka Masoko, kule kwenye ziwa, kashuka na bodaboda mvua ikimpiga njia nzima. Alikuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Kalipia saa moja. Hazikupita dakika kumi na tano mashine yake ikafunga. Za wenzake wote nazo zikafunga wakati huo huo.

"Kaka, mbona sijamaliza hata ukurasa wa kwanza?"

Nikampa vocha nyingine kwa hela yangu. Jioni bosi akaita. Kafungua ripoti ya mauzo, kidole kwenye mstari: wateja wanne wameanza kutumia mashine saa 03:10. Kwa saa ya kompyuta hiyo ni saa tisa na dakika kumi USIKU. Akauliza kwa upole, ule upole unaotisha: "Kijana, usiku wa manane unamfungulia nani?"

Sikuwa na jibu. Ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi. Akanipa wiki mbili nilete maelezo, la sivyo tuagane. Majibu yako mwisho wa makala, lakini ukisoma vizuri hapa katikati utayapata mwenyewe kabla hujafika.

SAA YA KOMPYUTA INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya kila kompyuta kuna saa MBILI, wengi hawajui hili.

Ya kwanza ni ya mazabodi. Hii inatembea hata mashine ikiwa imezimwa, inakula betri ndogo ya duara kama sarafu, volti 3, imeandikwa CR2032. Ndani yake kuna kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde.

Ya pili ni ya mfumo wenyewe, Windows au Linux. Mashine ikiwaka inachungulia saa ya mazabodi mara moja, inaichukua, halafu inaendelea kuhesabu yenyewe.

Kwazi si malaika. Kipande cha kawaida kinaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Baridi nayo inachangia. Vipande hivi hukatwa vikae sawa kwenye nyuzi 25 hivi, ukishuka hadi nyuzi 10 kama usiku wa Julai hapa kwetu, saa inachelewa zaidi kwa karibu theluthi mbili ya sekunde kwa siku. Ni kidogo, lakini inajilimbikiza.

Ndiyo maana mashine huuliza saa kwa wakubwa mtandaoni. Utaratibu wa kuuliza unaitwa NTP. Aliyeubuni ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1985. Mzee huyo alifariki Januari 2024. NTP inapita mlango namba 123 wa UDP. Seva zimepangwa kwa ngazi: ngazi ya 1 imeunganishwa moja kwa moja na saa ya uhakika kama ya GPS au ya atomiki, ya 2 inauliza ya 1, na kuendelea hadi 15. Ukiona ngazi ya 16, maana yake mashine haijalinganisha saa na mtu yeyote. Kuna pia kundi la seva za kujitolea, pool.ntp.org, lililoanza 2003, ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulitumia bure.

KWANI SAA IKIKOSEA KUNA UBAYA GANI?

Upo, tena mwingi:

1. Tovuti za siri (zile zenye kufuli) zinakataa kufunguka. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama mashine yako inadhani tuko miaka kumi nyuma, itasema cheti hakijaanza kutumika. Mtu anadhani intaneti mbovu kumbe ni tarehe.

2. Namba za siri zinazobadilika kwenye programu ya simu kila sekunde 30 zinahesabiwa kwa saa. Kama umeziweka kwa huduma ya kwenye seva yako, saa ikipotea dakika chache tu unakataliwa kuingia hata kama namba umeandika sahihi.

3. Mitandao ya maofisini inayotumia Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

4. Vocha za kafe. Programu nyingi zinafanya hesabu ya shule ya msingi: saa ya sasa toa saa ya kuanza. Saa ikiruka mbele, vocha zote zimekufa. Ikirudi nyuma, watu wanatumia bure.

5. USHAHIDI. Ripoti ya mauzo, ya kamera, ya nani kaingia. Saa ikiwa ya uongo, mtu asiye na kosa anaweza kufukuzwa kazi. Hili namba tano naliandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

PIMA KWANZA KOSA NI KUBWA KIASI GANI

Hapa ndo siri ya makala nzima ilipo. Mafundi wengi wakisikia saa imepotea wanakimbilia kubofya "linganisha sasa", saa inakaa sawa, wanachukua hela, wanaondoka. Kesho imepotea tena. Usiiguse saa kabla hujaandika kwenye daftari IMEKOSEA KWA KIASI GANI. Ukubwa wa kosa unakutajia mhusika.

- Sehemu ya sekunde hadi sekunde moja hivi, mchana mbaya usiku nzuri: laini imejaa.
- Sekunde zinaongezeka polepole siku hadi siku: hailinganishi kabisa, kwazi inatembea peke yake.
- Saa TATU kamili: kanda ya saa imekosewa. Sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC.
- Saa moja kamili: umechagua kanda ya nchi inayobadilisha saa majira ya joto, au kanda ya jirani. Sisi hatubadilishi.
- Saa SITA kamili, au kumi na nane: mtu kaiweka kwa mkono akisoma saa ya Kiswahili.
- Miaka: betri ya mazabodi imekufa.

Tuzichambue moja moja.

A) BETRI

Umeme ukikatika na betri ikiwa imekufa, mashine ikiwaka inarudi tarehe ya kiwandani, mara nyingi Januari mosi ya mwaka fulani wa zamani. Umeme usipokatika hakuna shida hata kidogo, maana seva haizimwi. Ndiyo maana tatizo linaonekana la "mara lipo mara halipo". Siyo uchawi, linafuata umeme.

Windows isiyo kwenye domeni ina kikomo: kwa kawaida kosa likizidi sekunde 54,000, yaani saa 15, inakataa kujirekebisha yenyewe. Inaona bora isubiri binadamu. Kwa hiyo tarehe ikirudi miaka nyuma, intaneti hata iwe nzuri vipi, saa haitajirudi mpaka mtu aiweke karibu na ukweli kwanza. Programu ya zamani ya Linux, ntpd, nayo ikikuta kosa linazidi sekunde 1,000 inazima kabisa, isipokuwa umeiwasha kwa alama ya -g inayoiruhusu kuruka mara moja mwanzoni.

B) SAA YA KISWAHILI

Hili hulikuti kwenye vitabu vya wazungu, ni letu. Sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Saa moja asubuhi kwetu, kompyuta inaandika 07:00. Saa tatu asubuhi, 09:00. Saa nane mchana, 14:00. Saa moja jioni, 19:00. Tofauti ni saa sita siku zote.

Sasa mtu anaiangalia saa ya ukutani, inasomeka saa tatu, anaandika 03:00. Kosa ni saa sita nyuma. Mwingine jioni saa moja anaandika 01:00 badala ya 19:00: hapo kosa ni saa kumi na nane. Angalia ujanja uliopo: saa sita ni ndogo kuliko kile kikomo cha saa 15, kwa hiyo Windows ikipata intaneti INAJIREKEBISHA, tena kwa kuruka. Saa kumi na nane ni kubwa kuliko kikomo, kwa hiyo INAKATAA, inabaki imekosea. Kosa lile lile, mtu yule yule, asubuhi linajiponya, jioni haliponi.

Kwa Linux yenye chrony hali ni nyingine. Kwa mipangilio ya kawaida inaruka mara chache tu mwanzoni, baada ya hapo inavuta saa polepole. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama sekunde moja kwa kila sekunde 12. Saa sita ni sekunde 21,600, zidisha kwa 12 unapata sekunde 259,200, yaani siku TATU nzima za kuvuta. Siku zote hizo dakika ya kafe siyo dakika ya kweli.

C) KANDA YA SAA

Kwenye Windows chagua (UTC+03:00) Nairobi, usihangaike kutafuta Dar, muda ni ule ule. Kwenye Linux andika Africa/Dar_es_Salaam. Kama mashine moja ina Windows na Linux pamoja, jihadhari: Windows huandika kwenye mazabodi saa ya mahali ulipo, Linux nyingi huandika UTC. Kila ukibadilisha mfumo unakuta saa tatu zimepotea au zimeongezeka. Dawa ni kuilazimisha mojawapo ifuate mwenzake.

Na ripoti je? Programu nyingine zinaandika ripoti kwa UTC hata kama saa ya skrini ni sahihi. Mteja wa saa nne asubuhi, yaani 10:00, ataonekana wa 07:00. Kabla hujamshuku mtu, uliza kwanza ripoti imeandikwa kwa saa ipi.

D) LAINI ILIYOJAA

NTP inapouliza saa inaandika nyakati nne: swali lilipotoka, lilipofika kule, jibu lilipotoka kule, lilipofika hapa. Halafu inadhania njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Kwenye kafe si sawa. Watu kumi wanashusha video, njia ya kurudi imejaa foleni kama daladala za saa moja asubuhi.

Chukua mfano. Saa yako ni sahihi kabisa. Swali limetumia sekunde 0.3 kwenda, jibu limetumia 1.3 kurudi. Tofauti ya njia mbili ni sekunde 1, na NTP inakosea kwa NUSU ya tofauti hiyo: inadhani saa yako iko mbele nusu sekunde. Kikomo cha ntpd cha kuruka ni sekunde 0.128, kwa hiyo hali hiyo ikidumu inaitupa saa nyuma. Usiku wateja wakiondoka, foleni inaisha, inagundua kosa, inairusha mbele. Ukisoma kumbukumbu za mfumo utaona kila siku nyuma, mbele, nyuma, mbele.

Laini ya setilaiti ndiyo inayoongoza kwa kero. Setilaiti ya kukaa sehemu moja iko karibu kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi tu ni zaidi ya nusu sekunde hata bila foleni. Na mvua ya Rungwe mnaijua wenyewe. Mawimbi ya Ku yanafifia mvua kubwa ikinyesha. Fundi anayekuja siku ya jua hatakuta tatizo.

Dawa: weka kikomo cha kasi kwa kila mteja kwenye rauta, upe mlango 123 wa UDP kipaumbele, na kwenye chrony ongeza neno maxdelay mbele ya seva ili majibu yaliyochelewa mno yatupwe. Kwenye ntpd kuna tinker huffpuff, imetengenezwa kwa ugonjwa huu huu.

E) MLANGO 123 UMEZIBWA

Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 wahuni wa mtandaoni walitumia seva za NTP zilizoachwa wazi kushambulia wengine. Shambulio moja la Februari 2014 lilifika karibu gigabiti 400 kwa sekunde. Baada ya hapo watoa huduma wengi duniani wakabana mlango 123. Kama laini yako inapita mitambo inayobana hivyo, majibu mengine yanafika na mengine yanapotea. Badilisha laini kwa muda, weka ya simu, pima tena. Ikipona, tatizo liko njiani, si kwenye seva yako.

F) WALINZI WAWILI LANGO MOJA

Umeweka chrony, lakini systemd-timesyncd nayo bado inatembea. Au seva yako ni ya kufikirika ndani ya mashine nyingine, na mashine mama nayo inairekebisha. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Chagua MMOJA, zima wengine.

Pia usiweke seva mbili tu za kuuliza. Zikitofautiana, utamwamini nani? Weka nne, ili mmoja akiwa muongo watatu wamkatae.

G) SEKUNDE YA NYONGEZA

Hii ni nadra ila itajwe. Mara chache dunia huongeza sekunde moja. Ya Juni 2012 iliangusha seva nyingi za Linux duniani. Ya mwisho iliongezwa mwisho wa 2016. Kwetu ilikuwa Januari mosi 2017, saa tisa kasoro sekunde usiku. Mwaka 2022 mkutano wa vipimo wa kimataifa uliamua mtindo huo uachwe ifikapo 2035. Kwa hiyo fundi akikwambia leo tatizo lako ni hilo, muulize vizuri.

HATUA ZA KUFUATA

1. Daftari. Tarehe, muda wa kweli (wa simu yenye mtandao), muda wa seva, umeme ulikatika lini, mvua, wateja wangapi. Wiki moja inatosha kuanza kuona mtindo.

2. Windows: fungua dirisha jeusi la amri, andika

w32tm /query /source

Ikijibu Local CMOS Clock, haiulizi mtu, inajiuliza yenyewe. Halafu

w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:5 /dataonly

Itakuonyesha tofauti mara tano bila kugusa saa. Matoleo mengi ya Windows ya zamani yalikuwa yanauliza mara moja kwa WIKI tu, kwa hiyo usishangae.

3. Linux: andika timedatectl uone kama imelinganishwa, halafu chronyc sources au ntpq -p. Angalia safu ya reach. Namba hii inakumbuka maswali nane ya mwisho. 377 maana yake yote nane yamejibiwa. 0 hakuna hata moja. Ukiona inapita 376, 375, 373, 367, 357, 337, 277, 177 halafu 377, ni jibu MOJA tu lililopotea, linasogea mpaka litoke. Usipaniki. Kama namba inarukaruka ovyo kila ukitazama, laini inadondosha majibu.

Kumbuka pia: kama mashine inauliza kila sekunde 64, maswali nane ni dakika 8 na nusu. Ikiwa imetulia na kuuliza kila sekunde 1,024, ni saa mbili na robo. Kuchungulia mara moja hakukuambii ya jana.

4. Jaribu la umeme: baada ya kazi zima seva vizuri, chomoa waya ukutani, subiri nusu saa, washa BILA intaneti. Tarehe ikiwa ya ajabu, betri imekufa.

5. Mipangilio ya chrony inayofaa kafe ya kwetu:

pool africa.pool.ntp.org iburst
pool pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10

Mstari wa tatu unaruhusu kuruka mara tatu za mwanzo tu, wa nne unaandika saa nzuri kwenye mazabodi, wa tano unaruhusu mashine za wateja ziulize seva yako (badilisha namba kulingana na mtandao wako), wa mwisho unaifanya seva iendelee kuwajibu hata laini ikikatika. Hapo kafe nzima inakuwa na saa moja.

LAINI IKIKATIKA KABISA JE?

Mnakumbuka Mei 12, 2024? Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja upande wa kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia sana. Watu wakasema saa za seva zitakufa. Hapana. Seva isiyozimwa inapoteza sekunde moja mbili kwa siku, basi. Kukatika kwa laini peke yake ni jambo dogo. Kinachoua ni VITATU kukutana: umeme umekatika, betri imekufa, na laini haipo wakati mashine inawaka. Hapo hakuna wa kuulizwa, anaulizwa binadamu.

Mwenye uwezo aweke kipokezi cha GPS juu ya bati. Setilaiti za GPS zinaonekana Masoko kama zinavyoonekana London, hazihitaji vocha.

NA MIMI NIKAISHIA WAPI?

Nilishika daftari siku kumi na nne. Umeme ulikatika usiku mara tatu, na asubuhi zote tatu vocha zilikufa. Siku nyingine zote, shwari. Asubuhi ya tatu niliwahi, nikasimama nyuma ya mzee bila kusema kitu. Akawasha seva, tarehe ikaja ya miaka mingi nyuma. Intaneti ilikuwa bado. Akatoa miwani, akatazama saa ya ukutani, akaandika taratibu: 03:10.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hapo umeandika saa tisa usiku."

"Marahaba. Mwanangu, saa ile inasema saa tatu na dakika kumi, na mimi nimeandika tatu na kumi. Kosa langu liko wapi?"

Na kweli, kosa lake sikuliona. Kwa lugha yake alikuwa sahihi. Wateja wa kwanza wakaingia, wakaandikwa 03:10 na kuendelea. Intaneti iliporudi, Windows ikauliza, ikakuta saa sita zimepungua, ndogo kuliko 15, ikaruka mbele. Saa sita zikaongezwa kwenye kila vocha kwa mpigo. Wale "wateja wa usiku wa manane" wa bosi walikuwa ndo wale wale wateja wa asubuhi.

Nilimpelekea bosi daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakuniomba radhi, alisema tu: "Nunua betri mbili, moja ya akiba." Bei yake haikufika nauli ya kwenda Mbeya na kurudi. Nikabandika na karatasi juu ya seva: SAA TATU ASUBUHI = 09:00. Mzee mwenyewe alinisaidia kuibandika, akaomba na ya jioni iandikwe.

Yule dada wa Masoko hakurudi kwetu. Nilikutana naye stendi baadaye, akaniambia fomu alikwenda kuimalizia kafe nyingine siku hiyo hiyo, hela ya kula aliyokuwa nayo ndiyo iliyolipa. Nilimweleza habari ya betri. Akacheka kidogo, akasema, "Sasa kaka, mngeniambia mapema ningekula."

Wadau wenye kafe na stationery, leo kabla ya kufunga, fanyeni lile jaribu namba 4. Na aliyekutana na chanzo kingine ambacho sijakitaja aandike hapo chini tuongezee. Nawasilisha.